Mwonja Gia wa Kitonga

Mama Sekela anasema lori lilirudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Anasema hivyo kila anapoulizwa, na hata asipoulizwa. Alikuwa kwenye banda lake la mahindi ya kuchemsha, pale kona ya kwanza ya Mlima Kitonga, jua limemkalia utosini, wakati msafara wa malori yaitwayo Kobe ulipoanza kupanda na vitunguu. Kobe wa mwisho akafika kwenye kona, akabadili gia kama wanavyobadili siku zote, kwa ule mlio wao wa mtu anayemeza mate. Halafu injini ikapiga kelele, kelele kubwa kabisa, lakini magurudumu yakawa kama hayajaambiwa kitu. Lori likasimama. Likaanza kurudi. Polepole, anasema Mama Sekela, kwa adabu zote, likarudi mpaka likapanda juu ya jiko lake, likasaga sufuria na mahindi yaliyokuwemo, ndipo breki zikakamata.

"Na likaniomba radhi," anamalizia. "Kwa sauti ya mwanamke wa mjini. 'Samahani, napungua nguvu.' Mimi nimesimama na kijiko cha chumvi mkononi, naombwa samahani na lori!"

Hapo watu hucheka. Jioni ile walicheka pia, kwenye bomba la maji la nyumba za kampuni, kila mtu na ndoo yake. Mmoja akamwambia angelijibu lori kwamba hamna neno, lipite tu.

"Chekeni," alisema Mama Sekela. "Mwanangu alikuwa amekaa kwenye debe nyuma ya lile jiko. Nimemtuma maji, ndiyo kwanza ameinuka."

Kicheko kikapungua. Aliyekuwa kwenye bomba wakati huo alikuwa Atuganile Mwambene, injinia wa kituo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa ameinama anaangalia ndoo inavyojaa, na alikuwa na uchovu ule ambao mtu akilala anaamka nao.

"Ulisikia harufu yoyote, Mama Sekela?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ya ugali ulioshika chini ya sufuria. Ila chungu zaidi. Inakaa hapa," akagusa koo lake.

Atuganile akafunga bomba, ndoo haijajaa. Harufu hiyo aliijua. Ni harufu ya klachi inayoungua.

"Mimi kesho narudi palepale," Mama Sekela alisema. "Sina kona nyingine. Wewe ndiye unayewajua hawa Kobe wako, niambie tu, nirudi au nisirudi?"

"Nitaangalia."

"Angalia. Lakini uangalie kwa macho, usiangalie kwa kile kibao chako cha namba."

Huo ulikuwa wakati ambao malori yalishazoea kwenda bila madereva, na watu walishazoea kuyaona yakipita na viti vitupu. Pale chini ya mlima, mahali palipokuwa na vibanda vya chai tu, palikuwa pameota mji mzima ulioitwa Kitonga Chini: maghala, karakana, nyumba za wafanyakazi, zote kwa ajili ya Kobe. Walipewa jina hilo kwa sababu ya migongo yao ya mviringo, na kwa sababu hawakuwa na haraka. Walikunywa spiriti ya mkonge, iliyokuja kwa mapipa kutoka Morogoro, na giaboksi zao zilikuwa otomatiki, zinajibadilisha zenyewe.

Kazi ya Atuganile ilikuwa namba moja tu, lakini namba hiyo ilikuwa haimpi usingizi.

Ndani ya Kobe kuna vitu viwili visivyoonana. Kuna injini, ambayo kazi yake ni kusokota mti wa chuma, na nguvu ya kule kusokota mafundi waliiita msokoto. Na kuna giaboksi, inayoupokea msokoto na kuupeleka kwenye magurudumu. Ndani ya giaboksi sahani za klachi zinabanwa na mafuta yenye presha ili zishikane, zisiteleze. Zibanwe kwa nguvu gani? Hiyo inategemea msokoto unaokuja. Na ajabu yenyewe ni kwamba hakuna kitu chochote ndani ya lori kinachoupima huo msokoto. Hakuna mizani. Injini inahesabu tu: nimevuta hewa kiasi hiki, nimechoma spiriti kiasi hiki, cheche yangu imewahi au imechelewa, basi msokoto wangu ni mia tisa. Namba hiyo, msokoto wa hesabu, inapelekwa kwa giaboksi, na giaboksi inaiamini kama mtu anayepokezwa gunia gizani na kutajiwa uzito wake. Ukimwambia ni jepesi nalo ni zito, hatakaza mikono, litamponyoka. Ukimwambia ni zito nalo ni jepesi, atalinyanyua kwa nguvu za bure, ajitegue.

Shida ni kwamba spiriti ya pipa hili haifanani na ya pipa lile, injini zinazeeka kila moja kwa namna yake, na hewa ya chini ya mlima si hewa ya juu. Kwa hiyo hesabu hukosea, na lazima kitu kiirudishe kwenye ukweli. Kampuni ilishafunga vipimo vya chuma kwenye miti ya injini, lakini joto na vumbi la Kitonga viliviua vyote. Ndipo wakabuni kazi mpya, wakaiita mwonja gia. Jikoni ni hivyohivyo, unaweza kupima chumvi kwa kijiko, lakini mwisho wa yote mtu anaonja.

Mwonja gia alikaa kwenye Kobe wa mbele, katika kiti kisicho na usukani. Kila gia ilipobadilika, lori lilimuuliza, "Gia?" Naye alijibu neno moja kati ya matatu. Akisema teke, yaani imeingia kwa kishindo, lori lilijua kwamba namba ni kubwa mno na kuipunguza kidogo. Akisema teleza, liliiongeza. Akisema laini, liliiacha ilivyo. Na lori la mbele lilichojifunza, msafara wote ulikipokea.

Asubuhi yake Atuganile alizungumza na makao makuu kwa simu ya upepo. Mkuu wake aliitwa Bwana Rwezaura, mtu mpole, ambaye hakuwahi kupandisha sauti na hakuwahi kubadili alichokwisha kusema.

"Nimeiangalia kumbukumbu ya Kobe huyo," alisema. "Injini ilisema mia saba. Giaboksi ikabana kwa mia saba. Sasa kosa liko wapi?"

"Kama injini haikuwa mia saba?"

"Imesema mia saba, Atuganile."

"Imesema. Lakini klachi imeungua, bosi. Na lori limerudi nyuma kwenye kona yenye watu."

"Nani kaona?"

"Jirani yangu. Anauza mahindi pale."

Simu ilikoroma kidogo. "Mimi siwezi kupeleka mezani hadithi ya mama wa mahindi. Mwonja amesema nini?"

"Mwonja yuko lori la mbele, linapanda na mzigo nusu. Hawezi kuona yanayotokea nyuma. Naomba tusimamishe msafara leo, niangalie."

"Msafara hausimami kwa sababu ya sufuria. Panda naye safari moja. Ukipata sababu, nipigie."

Atuganile akachukua kibao chake, akaenda getini.

Geti la karakana nalo lilikuwa mashine. Lilijengwa ili mgonjwa asiingie kazini: lilimuuliza kila mfanyakazi habari za afya yake, likasikiliza jibu, likafunguka au likagoma. Vijana walikuwa wanalitania. Mbele ya Atuganile asubuhi hiyo alisimama Festo Kihwele, mwonja gia, mtu mzima mwenye mvi za ndevu, aliyewahi kuendesha malori kwenye mlima huohuo enzi za gia za mkono. Mkononi alikuwa na chupa ya chai.

"Shikamoo, mzee Kihwele."

"Marahaba, mwanangu. Injinia mzima leo unapanda na sisi?"

"Leo napanda."

"Basi tutakwenda vizuri. Kobe akiona mkubwa anatulia."

Akasogea mbele ya geti. Geti likasema, "Habari za afya yako, mwonja Kihwele?"

"Salama tu, ila huu mgo..."

Kitasa kikalia, taa ya kijani ikawaka. "Karibu kazini," lilisema geti. Mzee akapita ameinamisha kichwa, midomo bado inacheza, kama anamalizia maneno na nguzo. Zamu ya Atuganile ikafika, akasema nzuri, akapita. Nyuma watu walikuwa wanasukumana.

Kobe wa mbele aliondoka bila kishindo. Ndani kulikuwa na nafasi ya watu wawili, na kioo kipana kilichoonyesha mlima wote, barabara ikijikunja upande wa ukuta wa mawe, na upande wa pili hakuna kitu, ni hewa tu mpaka mtoni. Mzee Kihwele alimimina chai kwenye kikombe cha bati, akampa. Atuganile hakunywa. Alikiweka kwenye ubao wa mbele, chini ya kioo.

"Itamwagika hiyo."

"Nataka nione kama itamwagika."

Mlima ulianza. Lori likameza mate, gia ikabadilika. Chai ikachora duara dogo moja, ikatulia. Atuganile hakusikia kitu mgongoni kwake zaidi ya kama kuguswa begani.

"Gia?" liliuliza lori.

"Teke," alisema mzee Kihwele.

Atuganile akamtazama, akarudisha macho kwenye chai. Walipita bango la tahadhari. Gia ikabadilika tena. Duara dogo, basi.

"Gia?"

"Teke."

Safari hii alikuwa hatazami chai. Alikuwa anatazama mkono wa mzee. Kabla gia haijabadilika, kabla lori lenyewe halijameza mate, vidole vya mzee vilikuwa vimeshashika ukingo wa kiti na kukaza, na midomo ameibana kwa ndani. Mlima aliujua kwa moyo, alijua kila mahali gia itakapoingia, na mwili wake ulikuwa unaingoja. Kwenye kibao cha Atuganile namba ilishuka kidogo, kama ilivyoshuka kwa lile teke la kwanza.

Wakaikaribia kona ya Mama Sekela. Banda lilikuwa palepale, jiko jipya, limesogezwa hatua chache tu kutoka barabarani. Mtoto alikuwa amekaa juu ya debe anachambua mahindi. Lori likabadili gia.

Injini ikapanda sauti. Kwa kitambo kidogo Kobe akawa ananing'inia, hasukumi wala harudi, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakosa kidaraja cha mwisho. Kisha klachi ikashika, taratibu, wakaendelea. Chai haikuchora hata duara. Ndani kukaingia harufu nyembamba, chungu, ikakaa kooni.

"Gia?" liliuliza lori.

"Laini," alisema mzee Kihwele. Akafumba macho, akashusha pumzi, na vidole vyake vikaachia kiti.

Atuganile akageuka kutazama nyuma. Nyuma yao wengine walikuwa wanaifuata kona ileile, na wao walibeba mzigo kamili. Hakuuliza mtu. Aligonga amri kwenye kibao: msafara wote usimame, breki zote zifungwe, kila Kobe pale alipo. Kobe wao akajivuta hadi kwenye kituo cha pembeni, juu kidogo ya kona, akatulia. Chini wengine wakasimama mmoja baada ya mwingine, na mlima ukawa kimya kiasi kwamba sauti ya Mama Sekela ikawafikia anamwita mtoto wake atoke barabarani.

"Kuna nini?" mzee aliuliza.

"Mzee, ile ya mwisho ilikuwa laini?"

"Laini kabisa."

"Iliteleza."

"Iliteleza?" Akafikiri. "Haikuniuma lakini."

"Na zile mbili za mwanzo?"

"Hizo ziliniuma. Mimi ikiniuma nasema teke. Isiponiuma nasema laini. Kuna namna nyingine ya kusema?"

Atuganile alifungua kumbukumbu za nyuma, akazipitisha kwa kidole. Hazikuwa na siri yoyote, zilikuwa hapo siku zote, ila hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzitazama kwa mpangilio huo. Teke, teke, laini, teke. Kila teke limechukua kipande kidogo cha namba, kidogo mno, hata mtu asingekiona. Injini iliyokuwa na mia tisa yake ikawa inajitangaza mia nane na kitu, kisha mia nane, kisha mia saba. Giaboksi, kwa utii wake, ikawa inabana kwa upole zaidi kila siku. Na kadiri ilivyoteleza ndivyo mtu aliyekaa kwenye kiti alivyopata nafuu. Lori halikudanganywa. Lilikuwa linasikiliza mgongo wa mtu mmoja na kujitahidi lisimuumize, na kwa ajili hiyo klachi za msafara mzima zilikuwa zinaungua.

"Mgongo ulianza lini, mzee?"

"Kuanza au kuzidi?"

"Mzee, tafadhali."

"Kuanza, ulianza na mvua za vuli. Kuzidi, hata leo umezidi. Unashuka mpaka kwenye mguu huu. Usiku najigeuza kwa kushika kitanda, mke wangu ananiambia nalala kama ninapanda mti." Akacheka kidogo, akaacha, maana kucheka nako kuliuma.

"Na muda wote huo hukusema?"

Mzee Kihwele alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nasema kila asubuhi, mwanangu."

"Kwa nani?"

"Kwa geti."

Atuganile akashusha kibao.

"Linaniuliza habari za afya, nami nalijibu kama nilivyolelewa. Mtu akikuuliza habari unaanza na salama. Hata kama nyumbani una msiba, unasema salama, ndipo unasema ila. Hujawahi kuona? Mtu anakuja kukuambia baba yako mdogo amefariki, anaanza na habari za hapa ni nzuri. Huwezi kumrushia mwenzako ila kabla hata hajakaa. Sasa lile geti likishasikia salama, basi, limefunguka, na hawa vijana nyuma yangu wananisukuma. Ila yangu naimalizia nikiwa nimeshaingia." Akainua mabega, akakunja uso. "Nikajua wamesikia. Nikasema labda wanatafuta mtu wa kunipokea."

Atuganile alikumbuka asubuhi nyingi kwenye uwanja wa karakana. Shikamoo mzee, za nyumbani? Salama tu... Na yeye yupo hatua tatu mbele, anakimbilia kibao chake.

Simu ya upepo ikalia.

"Atuganile," sauti ya Bwana Rwezaura ilikuwa ileile. "Umesimamisha msafara katikati ya mlima?"

"Ndiyo, bosi. Nimepata sababu." Akamweleza. Alimweleza polepole, namba na mgongo, bila kuruka kitu, na mzee Kihwele akasikiliza kesi yake mwenyewe ameangalia nje kama mtu aliyepelekwa hospitali na mwanawe.

"Umefanya vizuri," Bwana Rwezaura alisema mwishowe. "Basi mwondoe mwonja, futa maonjo yake, rudisha namba, msafara upande."

"Na yeye?"

"Yeye nini?"

"Mgongo wake umeharibiwa na kiti chetu."

"Alikuwa anaulizwa kila asubuhi. Nina sauti yake hapa. Salama. Salama tu. Salama."

"Sikiliza mpaka mwisho, bosi. Ana neno baada ya hapo."

Simu ilikoroma muda. Alikuwa anasikiliza kweli. "Hakuna," alisema. "Sauti inaishia geti linapofunguka."

Kwenye kibao palikuwa na mahali pa kufuta maonjo. Mashine ilitaka sababu, na sababu zilikuwa zimeshaandikwa, mtu achague. Mwonja amefariki. Mwonja ameacha kazi. Mwonja hafai. Atuganile alizisoma mara mbili, akatafuta mahali pa kuandika maneno yake mwenyewe. Hapakuwepo. Kidole kikabaki hewani. Huko chini Kobe walikuwa wanangoja wameshikiliwa na breki tu, vitunguu vimewalemea.

"Wameandika nini hapo?" mzee aliuliza. Macho yake hayakuona karibu.

Akamsomea zote tatu.

"Bora ya pili," mzee alisema.

"Ya pili si kweli. Na ukiacha mwenyewe hawakutibu."

"Na ya tatu wanatibu?"

"Sijui, mzee."

Mzee Kihwele akachungulia chini kwenye kona. Mama Sekela alikuwa amesimama nje ya banda lake, mikono kiunoni, anayatazama malori yaliyosimama, na mtoto amemsimamisha nyuma ya gauni lake.

"Bonyeza, mwanangu," alisema. "Yule mama ana mtoto."

Atuganile akabonyeza. Mwonja hafai. Namba ikaruka kutoka mia saba mpaka mia tisa, kwa Kobe wote kwa mpigo mmoja. Kisha akamsaidia mzee kushuka. Ilichukua muda. Aliteremsha mguu mmoja, akapumzika, akashika bega la injinia, akateremsha wa pili, na alipofika chini jasho lilikuwa limemtoka kama aliyebeba yeye vile vitunguu. Wakasimama kando, wameegemea ukuta wa mawe. Atuganile akafungua breki za msafara.

Kobe wao akaondoka bila mtu. Wa pili akaja, akafika kwenye kona, akameza mate, na gia ikaingia kwa kishindo kilichotikisa mabati ya banda la mahindi. Lakini hakuning'inia. Akashika mlima, akapanda.

"Ehe!" mzee Kihwele alisema. "Sasa lile ndilo teke."

"Namba imezidi kidogo. Nitaishusha."

"Usiishushe sana."

"Sitaishusha sana."

Chini, Mama Sekela aliinua mkono akapunga, kisha akainama kwenye jiko lake. Kobe waliendelea kupita mmoja mmoja, kila mmoja na kishindo chake. Mzee alikuwa anawatazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakipelekwa kwa mwingine.

"Kesho watamleta mwenzangu kwenye kile kiti?" aliuliza.

"Watamleta mwingine, ndiyo."

"Kijana?"

"Nadhani kijana."

"Mgongo wa kijana utachukua muda." Akapapasa mifuko akitafuta chupa ya chai, akakumbuka kwamba imeondoka na lori. "Injinia, mimi kulima siwezi tena, unaona mwenyewe. Nina ombi. Waambie lile geti waling'oe. Waniwekee kiti pale. Kiti cha kawaida, cha miguu minne, kisichokwenda popote. Mimi nitawauliza watu habari zao za asubuhi. Wakisema salama nitanyamaza kwanza, nisubiri."

Atuganile alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Akainua simu ya upepo. "Bosi, unanisikia?"

"Nakusikia. Naona wanapanda. Kazi nzuri."

"Mzee Kihwele ana ombi." Akalisema kama lilivyosemwa, geti, kiti, miguu minne, kusubiri. Alipomaliza aliachia kitufe, akaielekeza simu katikati yao ili wote wasikie.

Kobe wa mwisho akapita. Vumbi lake likatua juu ya viatu vyao. Simu ilikuwa inakoroma, na ndani ya kukoroma ilisikika ofisi, mtu anaburuta kiti, mlango unafungwa, karatasi. Mzee Kihwele alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, macho kwenye ile simu, kama mtu aliyepiga hodi na anasikia kabisa kwamba ndani mna watu.